Asilimia 40 ya nini? Fundi kucha mpya na makubaliano ya malipo Mwanza

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 22, nimemaliza kozi ya kucha ya miezi sita hapa Mwanza na cheti ninacho. Saluni moja ya Kirumba inanitaka kwa kamisheni ya asilimia 40, mshahara hakuna, vifaa na bidhaa nije navyo, saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku sita. Nyingine ya mjini kati inanipa mshahara wa 220,000 kwa mwezi, kila kitu chao, kamisheni hakuna, na saa za kazi ni hizohizo. Halafu kuna dada Nyegezi anakodisha meza ndani ya duka lake la vipodozi, 150,000 kwa mwezi. Kila ninayemuuliza anasema nikimbilie kamisheni kwa sababu 40 ni nyingi. Nikitaka kuomba zaidi nianzie wapi, maana uzoefu sina?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hao waliokushauri wameona namba moja wakaacha tatu. Asilimia 40 haisemi chochote mpaka ujue inapigwa kwenye kiasi gani, nani ananunua bidhaa, na kazi moja inakuchukua saa ngapi. Ukishayajua hayo, ofa zote tatu zinakaa kwenye karatasi moja na unaweza kuzilinganisha. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za saluni unazozungumza nazo, njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kwanza, kucha zenyewe zinagharimu kiasi gani

Seti moja ya akriliki ya urefu wa kati inakula gramu 8 hadi 10 za poda. Maji ya akriliki huenda mililita 12 hivi au zaidi, ukihesabu na yale yanayobaki kikombeni ukayamwaga. Ongeza tipsi 10, gundi, praima, rangi ya jeli, topkoti, pamba, glavu na msasa. Chupa ya rangi ya jeli ya mililita 15 inaweza kuhudumia wateja 20 hadi 25 kama hupaki matabaka mazito. Fundi mpya hutumia zaidi ya hapo, kwa sababu shanga yake ya akriliki, yaani tone la poda na maji analochota kwa brashi, huwa kubwa, halafu nusu yake anaisaga ikawa vumbi. Hiyo ni pesa inayoanguka sakafuni.

Usikisie gharama yako. Ukifungua kopo jipya, andika bei na tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, kisha piga alama moja kwa kila mteja. Kopo likiisha, gawanya bei kwa idadi ya alama. Fanya hivyo kwa poda, maji ya akriliki, jeli na topkoti, kisha jumlisha. Tuseme umepata shilingi 5,500 kwa seti ya akriliki na 1,500 kwa kupaka rangi ya jeli kwenye kucha za asili.

Sasa twende Kirumba. Akriliki inauzwa 30,000, asilimia 40 yako ni 12,000. Toa bidhaa ulizonunua mwenyewe, 5,500, unabaki na 6,500. Ukirudi kwenye bei ya mteja, hiyo ni chini kidogo ya asilimia 22. Rangi ya jeli inauzwa 12,000, yako ni 4,800, toa 1,500, unabaki na 3,300, yaani asilimia 27 na nusu. Kumbe hiyo "40" ni 22 kwenye kazi kubwa na 27 kwenye kazi ndogo. Saluni inayokupa asilimia 30 na kununua bidhaa yenyewe inakuachia 9,000 kwenye akriliki ileile. Ni 2,500 zaidi kwa kila mteja, na wewe hujatoa hata mtaji wa kopo la kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hawalioni. Kama seti ya akriliki inakuchukua saa 3, na kwa aliyetoka chuo juzi huo ni muda wa kawaida, basi 6,500 ni shilingi 2,170 hivi kwa saa. Rangi ya jeli ukiimaliza kwa saa moja inakupa 3,300. Maana yake leo, kwa kasi uliyonayo, kazi ndogo inakulipa kuliko kazi kubwa. Mambo yanageuka akriliki ikishuka chini ya saa 2. Ukifika saa moja na nusu unapata 4,300 na ushee kwa saa. Kwa hiyo unapoongea na mwenye saluni kuhusu kupandishiwa malipo, usitaje "uzoefu wa miaka". Taja dakika. Nunua saa ndogo ya mezani, na kila kazi andika ulipoanza na ulipomaliza, ukitenganisha hatua: kuondoa za zamani, kuandaa kucha, kubandika tipsi, kujenga, kusaga na kutengeneza umbo, rangi. Wengi hugundua kwamba muda wao unapotelea kwenye kusaga, na dawa ya kusaga sana ni kuweka akriliki kidogo na mahali pake tangu mwanzo.

Mwezi mzima unakuwaje

Chukua siku 26 za kazi. Kirumba, mwezi wa katikati, wastani wa akriliki moja na jeli moja kwa siku: 6,500 na 3,300 ni 9,800, mara 26 ni 254,800. Mwezi wa kwanza, ambapo mtaani hawakujui na wateja wanamwendea fundi aliyekutangulia, tegemea nusu yake: 127,400. Nauli ya daladala na chakula cha mchana bado hatujatoa. Mwezi wa sherehe, ukipata akriliki mbili na jeli mbili kila siku, ni 509,600, lakini hizo ni saa nane za kuinama mezani na kwa kasi ya sasa huwezi kuongeza akriliki ya tatu.

Mjini kati: 220,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Utakatwa 22,000 ubaki na 198,000, na yeye anaongeza 22,000 nyingine kwenye akaunti yako. Kodi ya mshahara hukatwi, kwa kuwa mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi una kodi sifuri. Kama mwenye saluni anakukata NSSF, omba namba yako ya uanachama na uhakikishe mwenyewe michango inaingia. Makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara yakakosekana NSSF si jambo la ajabu kwenye biashara ndogo.

Nyegezi ni hesabu ya namna yake. Pale chini ya vilima vya Malimbe wateja wako wengi watakuwa wanafunzi wa chuo, kwa hiyo bei ishushe: akriliki 20,000, jeli 10,000. Ukitoa bidhaa unabaki na 14,500 na 8,500. Kodi ya meza 150,000, weka 30,000 ya umeme wa LUKU na bando, jumla 180,000 kabla hujala. Hiyo ni wateja 22 wa jeli, au 13 wa akriliki, unaowafanyia kazi ya kulipia meza tu. Kuanzia wa 23 ndipo pesa inakuwa yako. Si mbaya hata kidogo kwa mtu mwenye wateja wake. Kwa asiye nao ni mtego, kwa sababu kodi haijui likizo ndefu ya chuo, na wenye fremu hupenda kulipwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hiyo meza iache kwanza. Itakufaa utakapokuwa na watu 40 kwenye simu ambao wakihitaji kucha wanakuandikia wewe, si saluni.

Unachoomba

Zimebaki mbili, na mimi nisingechukua yoyote kama ilivyo. Nenda mjini kati ukaombe mseto: kima cha uhakika cha 220,000, au asilimia 30 ya mauzo yako, kitakachozidi ndicho ulipwe. Bidhaa za saluni.

Angalia inavyofanya kazi. Asilimia 30 inaipita 220,000 pale mauzo yako yanapovuka shilingi 733,000 hivi. Ukifanya akriliki moja na jeli moja kwa siku, umeuza 42,000, mara 26 ni 1,092,000, na asilimia 30 yake ni 327,600. Sasa kaa upande wa mwenye saluni, maana hapo ndipo utashinda au kushindwa. Kwenye hiyo 1,092,000 bidhaa zimekula 182,000, wewe 327,600, amebaki na 582,400 ya pango, umeme, maji, leseni, kodi ya TRA, mchango wake wa NSSF na wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na faida. Anapumua. Lakini ukiuza nusu ya hapo, 546,000, anatoa bidhaa 91,000, anakulipa kima cha uhakika 220,000, anabaki na 235,000, na huenda pango peke yake linaimaliza. Ndiyo maana wenye saluni wanaogopa mshahara na kupenda kamisheni tupu: mwezi mbaya wanataka uubebe wewe. Ukimwonyesha kwamba unalijua hilo, na kwamba unaomba kima cha uhakika kwa miezi mitatu tu kisha mkae tena, maongezi yanakuwa ya watu wawili wa biashara.

Kama ni Kirumba tu wanaokutaka, usiombe 50. Omba bidhaa ziwe zao na wewe ushuke hadi 30 au 32. Yeye anasikia umepunguza, wewe umeongeza. Akikataa kabisa kununua bidhaa, basi bidhaa zitolewe kwanza kwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila kazi, mgawane nusu kwa nusu kinachobaki. Akriliki ya 30,000, toa 5,500 irudi kwako, iliyobaki 24,500, nusu ni 12,250. Linganisha na 6,500.

Kabla ya kuongea namba yoyote, pita ofisi ya kazi ukaone Amri ya Mishahara inayotumika sasa na kima cha chini cha sekta yako. Ofa ya mshahara iliyo chini ya kima hicho si ofa, na hakuna haja ya kuibembeleza. Na usidanganywe kwamba "wa kamisheni si mwajiriwa". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya alizoziorodhesha mtunga sheria: kupangiwa saa, kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupewa vifaa, kumfanyia mtu mmoja tu, au kuwa umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Anayekuamrisha ufike saa 3 asubuhi na kukuuliza ulipo saa 4 amekuajiri, hata akikuita mshirika.

Saa za kazi ni malipo pia

Hapa una silaha ambayo hukuitaja. Saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 11. Toa saa moja ya chakula, zimebaki 10, mara siku sita ni 60. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu, na haziruhusiwi kupita 50 katika wiki nne. Wewe utakuwa na 15 kila wiki, yaani 60. Kwa mshahara wa 220,000, saa yako ya kawaida ni 1,128, ya ziada 1,692, na saa 15 kila wiki zinakaribia 110,000 kwa mwezi. Kwa lugha nyingine, ile ofa ya mjini kati inakuomba kazi ya 330,000 kwa 220,000.

Usiingie ofisini kwa dada wa watu na kumsomea vifungu. Saluni nyingi haziwezi kuongeza 110,000, na zikilazimishwa zitakuacha. Omba saa badala ya pesa, kwa kuwa Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi wateja wa kucha ni wa kuhesabu. Pendekeza uingie saa 5 asubuhi utoke saa 1 jioni siku hizo nne, Ijumaa saa 4 asubuhi hadi saa 1 jioni, Jumamosi saa 3 hadi saa 1. Ukitoa saa ya chakula kila siku, ni saa 45 kamili. Yeye hapotezi mteja, na wewe umepata asubuhi nne za kufanya mazoezi au kuwafuata wateja nyumbani Pasiansi na Nyakato kwa bei yako, mradi mmekubaliana kwamba hao si wateja wa saluni. Hilo la wateja wa nyumbani litaje mapema. Likigundulika baadaye linaitwa wizi.

Maneno madogo yanayokula pesa

Asilimia ya nini? Iandikwe "ya bei aliyolipa mteja, kabla ya makato yoyote". Bosi akimpunguzia shoga yake bei, punguzo hilo litoke upande wa saluni. Mawe, maua na michoro viwe na bei yake kwenye ubao. Seti yenye maua kumi inaongeza nusu saa au zaidi, na saluni zenye mazoea ya kusema "mchoree tu kidogo" zinakugawa bure.

Malipo ya simu ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi. Mteja analipa kwa lipa namba ya bosi, wewe huoni ujumbe, mwisho wa mwezi kumbukumbu ni mbili na zinatofautiana. Weka daftari lenye safu za tarehe, jina la mteja, kazi, bei, alivyolipa, na sehemu ya saini. Bosi au mhasibu asaini kila jioni mkifunga, na si kila wiki. Daftari lisilosainiwa ni shajara yako tu.

Bakshishi ni yako yote. Kama kuna dada wa kuosha miguu aliyekusaidia, mgawieni wenyewe.

Kucha zinazonyanyuka nitakaa nazo kidogo, kwa sababu fundi mpya hukatwa sana hapa. Sababu zilizo zako ni hizi: ngozi laini iliyobaki juu ya kucha, mafuta na unyevu ambavyo havikuondolewa kabla ya praima, akriliki iliyogusa ngozi pembeni, au shanga yenye maji mengi. Sababu zisizo zako: taa iliyochoka ambayo haikaushi jeli vizuri, umeme uliokatika mkono ukiwa ndani ya taa, bidhaa hafifu, na kazi za mteja. Mama anayepara samaki Mwaloni kutwa, au mama lishe aliye na mikono ndani ya maji ya sabuni toka alfajiri, ukimwekea akriliki ndefu itanyanyuka ndani ya wiki hata ungekuwa fundi wa miaka kumi. Mshauri kucha fupi na mwambie wazi. Makubaliano ya haki ni haya: ndani ya siku 7, kucha zisizozidi mbili zinarudiwa bure, wewe unatoa muda, saluni inatoa bidhaa. Baada ya hapo mteja analipa kwa kila kucha. Kamisheni ya kazi ya kwanza hairudishwi.

Kuhusu bidhaa hafifu, omba kuziona kabla ya kukubali. Maji ya akriliki yenye kemikali iitwayo MMA huuzwa rahisi, yana harufu kali inayochoma pua, na kucha zake huwa ngumu kupita kiasi, haziyeyuki kwa asetoni kama inavyotakiwa. Ikigonga mlango, ukucha wa asili unang'oka nayo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuzichukulia hatua bidhaa za kucha zenye MMA tangu miaka ya 1970. Bidhaa nzuri hutumia kemikali nyingine, EMA. Saluni ikikataa kubadili, lawama za wateja zitakuja kwako. Dai pia glavu za nitrili na dirisha linalofunguka karibu na meza yako. Akriliki na jeli ambayo haijakauka hupenya glavu za mpira wa kawaida haraka, na mzio wake ukishakushika hauondoki. Unapoteza kazi, si ngozi tu.

Mashine ikivunjika? Sheria inaruhusu kukata mshahara kwa hasara ikiwa tu ilikuwa kosa lako ukiwa kazini, umeandikiwa chanzo na kiasi, umepewa nafasi ya kujieleza, na makato hayapiti robo ya malipo yako. "Nimekata yote, tumelipana" haimo.

Na cheti halisi usimwachie mtu. Mpe nakala.

Siku ya kuongea

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumamosi kuna msururu na bosi atakujibu chochote ili umwondokee. Beba nakala ya cheti na picha kumi za kazi zako: tano za karibu zinazoonyesha ukingo wa ngozi na pembeni, tatu za mikono hiyohiyo baada ya wiki mbili, na mbili za kazi ulizoziondoa bila kuumiza ukucha. Picha za baada ya wiki mbili ndizo zitakazomshawishi, kwa sababu za siku ya kwanza kila mtu anazo. Akitaka kukujaribu, kubali mikono miwili, siku moja. Wiki mbili za "majaribio" bila malipo huku wateja wanalipa ni kazi ya bure.

Mwache aseme kwanza, kisha sema: "Dada, nimeshukuru kwa ofa. Nimepiga hesabu ya saluni na yangu. Naomba tuanze na 220,000 kama kima cha uhakika, au asilimia 30 ya mauzo yangu kama itazidi, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo tuangalie daftari." Ukimaliza, nyamaza. Kimya kitakuwasha, na fundi mgeni hukikimbia kwa kujipunguzia mwenyewe kabla hajaombwa.

Akisema wako wengi wanaoitaka nafasi hiyo, mjibu kwamba ni kweli, ndiyo maana umekuja na muda wako na idadi ya kucha ulizorudia, aulize na wao wanazo ngapi. Akisema wewe bado mgeni, kubali, kisha mwambie ndiyo sababu hujaomba 40, umeomba 30 yenye ngazi. Ngazi hizo zitaje: akriliki chini ya saa 2 na marudio yasiyozidi moja kwa kila seti 20, inapanda hadi 35. Ukifika saa moja na nusu, na nusu ya wateja wa mwezi wakawa wanaorudi kwa jina lako, 40. Akisema "tuanze tu, tutaona", hapo ndipo usimame, kwa upole. Mfanyakazi asiyefikisha miezi sita hana kinga ya kudai kwamba aliachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo kipindi ambacho huna ulinzi ndicho unachoombwa ukifanye bila maandishi. Na sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mahali, saa, malipo na namna yanavyohesabiwa.

Malipo yako yakizuiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Mwanza. Unajaza fomu namba 1. Madai ya malipo yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, ya kuachishwa kazi siku 30. Wengi huzipoteza siku hizo wakisubiri "wiki ijayo".

Saluni nyingi hazitakuandikia mkataba siku hiyohiyo. Basi ukitoka hapo, kabla hujapanda daladala, mtumie ujumbe wa WhatsApp:

"Dada, asante kwa muda wako leo. Naandika tulivyokubaliana ili tusisahau. Naanza Jumatatu. Malipo ni 220,000 au asilimia 30 ya mauzo yangu kabla ya makato, kitakachozidi. Bidhaa, taa na mashine ni vya saluni. Saa ni 45 kwa wiki kama tulivyopanga. Kucha zikinyanyuka ndani ya siku 7 narudia mpaka mbili bure kwa bidhaa za saluni. Daftari tunasaini kila jioni, malipo tarehe 30. Tunakaa tena baada ya miezi mitatu. Kama kuna mahali nimekosea naomba unirekebishe leo."

Akijibu "sawa", piga skrinshoti, ijitumie kwenye barua pepe, na ile karatasi ya mkataba endelea kuiomba.